Tabora ni Siku Ngapi?

Mwulize leo mtumishi wa serikali Tabora iko mbali kiasi gani na Dar es Salaam, naye atakujibu kwa saa. Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 730, na kwa ndege ni kama saa moja na nusu. Jibu hilo ni sahihi, ila linatusahaulisha kwamba umbali huo uliwahi kuwa na bei nyingine.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani, Kaole, mwezi Juni 1857. Waliingia Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton alihesabu siku 134 na mwendo usiopungua maili 600, yaani karibu kilomita 960. Mwaka 1871 Henry Stanley alitoka Bagamoyo akafika Tabora kwa siku 84. Pwani ni ileile na mji ni uleule, lakini tofauti ni siku 50. Kumbe umbali haukupimwa kwa ardhi pekee. Ulipimwa kwa maradhi, kwa mazungumzo ya hongo katika nchi ya Ugogo, na kwa maji. Katika Mgunda Mkali, nyika kame kabla ya Unyanyembe, misafara ililazimika kupiga tirikeza: kuondoka alasiri, kulala bila maji, na kuwahi kisima siku ya pili.

Zaidi ya yote, umbali ulipimwa kwa mabega ya wapagazi. Wanyamwezi wengi waliobeba pembe kwenda pwani, na nguo, shanga na nyaya kurudi bara, hawakuwa watumwa. Walikuwa wafanyakazi wa ujira. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na juu ya ujira alidai posho, nafaka ya kila siku iliyopimwa kwa kibaba. Posho ikipunguzwa, mizigo iliwekwa chini na msafara ukasimama. Hapo hata mwenye bunduki alilazimika kuketi na kujadiliana.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na safari ya miezi ikawa ya siku chache. Misafara mikubwa ikatoweka, na pamoja nayo nguvu ya mpagazi ya kusimamisha safari.

Neno posho limebaki, ila limehamia kwingine. Leo linamhusu zaidi anayeketi ndani ya ndege kuliko anayebeba mzigo. Pale Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tembe alimokaa Livingstone limekuwa makumbusho yenye jina lake. Ni haki akumbukwe. Lakini vijana wetu wanaosoma historia ya njia hii wanajua majina ya wageni watatu au wanne, na hawajui jina la mpagazi hata mmoja. Mtaala unaoanza na Burton unapaswa kuanza na yule aliyembebea mzigo, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia kabla yake.