Bonde Lilijulikana

Wanaoandika kuhusu mafuriko ya Dar es Salaam hupenda kuanza na Desemba 2011, na ninawaelewa. Zaidi ya watu 40 walifariki, na Jangwani ikageuka ziwa siku chache tu baada ya taifa kusherehekea miaka 50 ya uhuru. Lakini kwa anayesoma historia ya mipango miji, kama ninavyofanya kwenye shahada hii ya uzamili, mwaka wa kuanzia ni 1979. Mpango Kabambe wa jiji wa mwaka huo uliliweka Bonde la Msimbazi kwenye maeneo ya hatari, yasiyofaa kwa makazi. Tathmini ilikuwapo, basi, miaka 32 kabla ya maafa. Hoja ya kwamba hatukujua tuiweke kando.

Majina ya sheria zetu nayo yanasimulia. Ile ya 1990 ilikuwa Sheria ya Uratibu wa Misaada ya Maafa. Neno lenyewe ni "misaada": kazi inaanza maji yakishaingia ndani, kwa mablanketi, unga na mahema. Mwaka 2015 ikaja Sheria ya Usimamizi wa Maafa, ambayo nayo ilipisha nyingine mwaka 2022, na msamiati ukawa kuzuia, kujiandaa, ustahimilivu.

Kati ya sheria ya kwanza na ya pili ndipo ilipo Mabwepande. Baada ya mafuriko ya 2011, waathirika wa mabondeni walipelekwa huko, kaskazini mwa jiji, wakapewa viwanja. Kwa kipimo cha maji kazi ilikuwa imekwisha, maana Msimbazi haufiki kule. Baadhi yao wakarudi bondeni, na mitaani wakaitwa wakaidi.

Mimi hesabu yao naipiga hivi. Mama anayewauzia vitumbua wachuuzi wa Kariakoo anatakiwa awe na moto jikoni saa kumi alfajiri. Akikaa Kigogo, beseni anajitwika na kwenda kwa miguu. Akikaa Mabwepande anategemea daladala, na nauli inakula faida kabla hajauza hata kimoja. Mafuriko humjia msimu wa mvua. Nauli humjia kila siku. Huyo amepima hatari zote mbili na kuchagua moja. (Na kama kukaa bondeni ni ukaidi, tusisahau kwamba karakana ya mabasi ya mwendokasi nayo ilijengwa Jangwani, na maji yameingia humo zaidi ya mara moja.)

Mwaka 2015 ndio unaonishughulisha kuliko yote. Mwaka huo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliingia mitaani na mradi wa Ramani Huria, wakichora nyumba, mitaro na vichochoro pamoja na wenyeji. Wakawa wanauliza swali ambalo mipango ya zamani haikuliuliza: maji yalifika wapi? Mwenyeji hataji sentimita. Anakuonyesha gotini, kiunoni, au alama ya tope iliyobaki ukutani. Kumbukumbu hiyo sasa ikawa takwimu. Na mwaka huohuo, Desemba, kuta za bondeni zikachorwa X nyekundu, matingatinga yakashuka. Mkono mmoja wa tathmini ulikuwa unahesabu nyumba, mwingine unazibomoa.

Sasa kuna Mradi wa Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa mwaka 2022: dola milioni 260, nyingi zikiwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mto utachimbwa, daraja la Jangwani litainuliwa, pembeni kutakuwa na bustani, na safari hii wanaoondoka wanalipwa. Nimefurahi, sina kinyongo. Ila nimezisoma kanuni za fidia za 2001 mara mbili tatu. Zinahesabu thamani ya ardhi na majengo, posho ya usumbufu, posho ya usafiri. Zinahesabu hata faida ya biashara iliyopotea, kwa miezi 36, mradi biashara iwe inafanyika kwenye ardhi inayochukuliwa na, inapobidi, ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa.

Vitumbua vinapikwa Kigogo. Vinauzwa Kariakoo. Hesabu zake ziko kwenye fundo la khanga.