Shujaa Nyumbani Kwake: Kicheko Katika Utendi wa Mwana Kupona



Wanafunzi wetu wanapoufikia Utendi wa Mwana Kupona, aghalabu huwa wamekwisha kuuhukumu kabla ya kuusoma: huu ni utendi wa kumfunza mke utii. Hukumu hiyo ina historia. Mwaka 1934 Alice Werner na William Hichens waliuchapisha kwa jina la Kiingereza lililouita nasaha juu ya wajibu wa mke, na jina hilo limekuwa miwani ambayo wengi wetu tumeusomea. Hoja yangu ni kwamba miwani hiyo imetuzuia kuona kicheko kilichomo.

Mwana Kupona binti Mshamu, mwenyeji wa Pate, aliutunga utendi huu yapata mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka, mtawala wa Siu, alikuwa amefariki miaka michache kabla. Huyo hakuwa mtu mnyonge. Kwa miaka mingi alishindana na Sayyid Said wa Unguja, na katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani yalipotumwa Siu yalirudi yameshindwa. Kwa hiyo mtunzi alipoandika juu ya wanaume hakuwa akikisia. Alikuwa ameishi na mwanamume aliyejulikana pwani kwa ushujaa wake.

Je, mume anaonekanaje ndani ya utendi? Hatumwoni vitani. Tunamwona amelala, na mke anaonywa asipaze sauti asije akamwamsha. Akiamka, chakula kiwe tayari. Anakandwa mwili, ananyolewa, anatengenezwa ndevu, anafukizwa udi. Kisha mama anamwambia bintiye waziwazi: amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Mjane wa shujaa ndiye asemaye hayo! Si ajabu kwamba Ann Biersteker na wataalamu wengine wameuhoji usomaji unaoona hapo utii mtupu.

Hata hivyo, tusivuke mpaka. Utendi huohuo unaihesabu radhi ya mume pamoja na radhi ya Mungu, ya Mtume, ya baba na ya mama, na unamkumbusha binti kwamba siku ya kiyama neno la mume litakuwa na uzito. Mama aliyekiona kifo hakuwa akifanya mzaha na pepo. Kicheko chake, basi, hakiyaondoi mamlaka ya mume. Kinamfunulia binti siri ya mamlaka hayo: kwamba bwana anayeogopwa nje huhitaji kulelewa ndani, na anayemlea humjua kuliko anavyojijua mwenyewe.

Tukiufundisha utendi huu kama orodha ya amri tu, tunamnyima Mwana Kupona akili aliyoitumia kuutunga. Tukiugeuza kuwa uasi, tunamnyima imani yake. Hatuna budi kumsikiliza akiwa na vyote viwili: mcha Mungu aliyetii, na mwanamke aliyeona, akatabasamu.