Mahindi "ya mbwa": historia fupi ya namba zilizo nyuma ya mfuko

Tuseme uko Karatu mjini, kwenye duka la dawa za mifugo, na mkononi una mfuko wa chakula kikavu cha mbwa. Nyuma yake kuna namba: protini isiyopungua 21%, mafuta yasiyopungua 8%, nyuzinyuzi zisizozidi 5%, unyevu usiozidi 10%. Unalinganisha na mfuko wa jirani wenye protini 18%, unachukua wa 21%. Imekwisha?

Bado. Hebu tuone kwanza hizo namba zimetoka wapi, maana historia yake inamhusu hata mtu asiyefuga mbwa.

Chakula cha mbwa cha kiwandani kilianzia London katika miaka ya 1860. Mmarekani mmoja, James Spratt, alianza kuuza biskuti za ngano, mboga na nyama kwa ajili ya mbwa wa matajiri. Miaka hiyohiyo, huko Weende nchini Ujerumani, wanasayansi walikuwa wakibuni namna ya kugawa chakula cha mifugo katika mafungu: maji, majivu, mafuta, nyuzinyuzi, protini, na kile kinachobaki. Mafungu yale ndiyo unayoyasoma kwenye mfuko leo.

Protini ilikuwa na shida yake: ni ngumu kuipima moja kwa moja. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alipata njia ya mkato. Unapima naitrojeni, kisha unazidisha kwa 6.25. Kwa kuwa protini ina naitrojeni, hesabu inakubali. Ila umeona mwanya uliopo? Kipimo hakijui naitrojeni hiyo imetoka kwenye nyama, kwenye ngozi, au kwenye kitu kisicho chakula kabisa.

Mwaka 2007 mwanya huo ulitumika. Gluteni ya ngano kutoka China ilichanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kwenye karatasi protini ilipanda. Mbwa na paka Marekani wakaanza kufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Mwaka uliofuata melamini ileile ikagundulika kwenye maziwa ya watoto nchini China: watoto wapatao 300,000 waliugua na 6 walifariki. Mbwa walitangulia, watu wakafuata. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa chukua kalamu. Jumlisha zile namba za mfuko: 21 + 8 + 5 + 10 = 44. Ongeza majivu, yaani madini, ambayo mara nyingi hukaribia 8, upate 52. Zilizobaki, 48, ni wanga. Kumbe karibu nusu ya mfuko wenye picha ya nyama ni nafaka! Je, tumeibiwa? Si lazima. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walionyesha kwamba mbwa mwitu wa Ulaya na Asia, jamaa wa karibu zaidi wa mbwa wetu, ana nakala 2 tu za jeni ya kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwa wa nyumbani ana kati ya 4 na 30. Maelfu ya miaka ya kula makombo ya wakulima yamembadilisha. Ndiyo maana mbwa wa boma la Wairaqw anaishi kwa ugali, na usiku bado anamfukuza fisi.

Lakini kuishi ni jambo moja, kushiba virutubisho ni jingine. Mwanzoni mwa karne ya 20, watu maskini wa kusini mwa Marekani waliokula mahindi karibu peke yake waliugua pelagra: ngozi kubabuka, kuhara, kuchanganyikiwa, hatimaye kifo. Mbwa waliopewa chakula cha namna hiyo walipata ugonjwa wa ulimi mweusi. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem aliwaponya mbwa hao kwa niasini, na ndipo dawa ya pelagra kwa watu ikajulikana. Mahindi yana niasini, ila imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati vizuri. Hivyo basi ukimpikia mbwa mwenyewe, ugali mtupu hautoshi. Dagaa wazima wanaongeza protini na niasini, na mifupa yao ina kalisi ambayo mahindi hayana ya kutosha.

Tukija kwenye jambo zito zaidi, lipo ambalo namba za mfuko haziligusi kabisa: sumukuvu.

Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga yenye kuvu. Mwaka huohuo maelfu ya vifaranga vya bata walikufa Bonde la Ufa, Kenya. Sumu iliyopatikana ikaitwa aflatoksini. Mwaka 1977 mbwa wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Mwaka 1981, Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitali ini likiwa limeharibika, na 12 wakafariki. Wenyeji walisimulia kwamba njiwa walikufa kwanza, kisha mbwa, kisha watu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, waliugua watu 317 na kufa 125. Na mwaka 2016 ikawa zamu yetu: Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20. Manyara inapakana na Karatu. Mahindi hayajui mpaka wa mkoa.

Usidhani viwanda vikubwa vimepona. Mwishoni mwa 2020 chakula kikavu chenye aflatoksini kilihusishwa na vifo vya mbwa zaidi ya 110 Marekani.

Hapa ndipo mazoea yetu yanapotuponza. Wakati wa kuchambua mahindi, yale yaliyooza au kubadilika rangi tunayatenga: "haya ya mbwa", au "haya ya kuku". Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumu hii. Kupika hakuiondoi, wala kukoboa hakuimalizi. Na kuku akila, sehemu ya sumu inaweza kuingia kwenye mayai. Ng'ombe akila, inatoka kwenye maziwa. Tulichokitupa kinarudi mezani kwa mlango wa nyuma.

Kwa hiyo, unaponunua au kupika, fanya hivi:

Kwanza, ondoa maji kwenye hesabu kabla ya kulinganisha mifuko. 21 gawanya kwa 90 ni 23.3%. Kiwango cha chini cha Marekani, kwa chakula kisicho na maji, ni 18% kwa mbwa mzima na 22.5% kwa mtoto.

Pili, soma viambato. Huandikwa kwa uzito, kizito kwanza. "Dagaa" au "nyama ya kuku" inaeleweka; "mazao ya wanyama" inaweza kuwa chochote.

Tatu, angalia tarehe na mfuko wenyewe. Uliolowa, uliotoboka, au wenye harufu ya uvundo, uache.

Nne, kausha mahindi vizuri. Weka punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikiganda ubavuni, bado yana unyevu, usiyaweke ghalani.

Tano, mbwa akisusa kula, akatapika, na fizi zikawa za njano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Kisha nenda kaangalie gunia alilolishwa, na uulize nani mwingine nyumbani amekula humo.