Jina la Baba Halikuandikwa

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Merka mwaka 1938. Mama yake alikuwa kibarua kwenye mashamba ya ndizi ya Genale, kando ya mto Shabelle. Baba yake alikuwa Mtaliano, msimamizi wa mashamba hayo hayo. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa nyumbani tangu utotoni. Karatasi inayosema hivyo hatujawahi kuiona, kwa sababu haipo.

Bibi aliolewa Barawa, ndiyo maana sisi ni watu wa Chimini. Vita vilipotufukuza tulipanda mashua mpaka Mombasa, kama wengi wa kwetu. Huko kambini mjomba akasikia maneno: ati mwenye damu ya Kitaliano anapewa pasipoti. Akapanda basi mpaka Nairobi kuuliza. Mama mmoja wa dirishani alimsikiliza kwa heshima, kisha akamuuliza swali moja tu: "Babu yako alimwandikisha mama yako wapi?" Mjomba akarudi siku ya pili, akakaa kwenye mkeka, akatuambia, "Wao wametaka jina. Mimi nimewapelekea sura."

Nilikuwa mtoto, lakini swali lile halikunitoka. Nilipokua nikaanza kusoma ili nijue kwa nini jibu lake halikuwepo.

Kumbe Wataliano wenyewe walikuwa watu wa kuhama. Kuanzia mwisho wa karne ya 19, mamilioni walikimbia umaskini wakaenda Argentina, Brazil na Marekani. Serikali yao haikutaka kuwapoteza watoto waliozaliwa huko. Kwa hiyo sheria namba 555 ya mwaka 1912 ikasema mtoto wa baba Mtaliano ni Mtaliano, popote alipozaliwa. Mama alihesabiwa katika hali chache tu, kama vile baba akiwa hajulikani au hana uraia wowote. Mwaka 1948 katiba mpya ikatangaza usawa wa mume na mke, lakini ilibidi kungoja hadi 1983 ndipo mahakama ya katiba na bunge wakakubali kwamba damu ya mama nayo inatosha. Sheria iliyofuata, ya 1992, ikaliweka wazi: mtoto wa baba au wa mama.

Na kazi ya ubalozi ni ipi hapo? Mzazi anachukua cheti cha kuzaliwa cha nchi aliyomo, kinathibitishwa, kinatafsiriwa kwa Kitaliano, kinapelekwa ubalozini. Ubalozi unakituma kwenye manispaa ya mzazi huko Italia. Karani wa pale anakinakili katika daftari la vizazi. Mtoto aliyezaliwa Buenos Aires sasa yuko daftarini katika kijiji ambacho hajawahi kukanyaga. Angalieni vizuri: ubalozi haugawi uraia. Unaandika tu kile ambacho sheria inasema kilikuwepo tangu mtoto alipolia mara ya kwanza. Lakini ambaye hakuandikwa, atakithibitishaje?

Sasa turudi Genale. Damu ile ile iliyovuka bahari mpaka Argentina bila shida ilikwama kwetu. Mwaka 1933 sheria ya makoloni ya Eritrea na Somalia ilikuwa bado imeacha kijimlango: mtoto wa mchanganyiko ambaye hakukubaliwa na baba angeweza kuomba uraia akifika miaka 18, kwa masharti, na moja ya masharti hayo ilikuwa kukaguliwa umbo lake. Baada ya Italia kuivamia Ethiopia, kijimlango kikafungwa mwaka 1936. Mwaka 1937 Mtaliano aliyeishi kama mume na mwanamke wa koloni aliweza kufungwa mwaka 1 hadi 5. Halafu ikaja sheria ya Mei 1940: mtoto wa namna hiyo anahesabiwa mwenyeji kama mzazi wake mweusi, baba haruhusiwi kumkubali, jina la ukoo wa baba haruhusiwi kulitumia, na gharama za kumlea ni za mzazi mwenyeji peke yake. Bibi alikuwa na miaka miwili.

Mwaka uliofuata Waingereza wakaiteka Somalia. Wataliano wengi wakaletwa Kenya kama wafungwa wa vita. Hao ndio waliolima barabara ya kushuka Bonde la Ufa na kujenga kile kikanisa kidogo cha Mai Mahiu mwaka 1942. Nikipita pale na basi huwa nakitazama. Labda babu yetu alibeba mawe yake, labda hakuwahi kufika. Sina njia ya kujua, kwa sababu jina lake lilitufikia nusu tu.

Lililoniuma zaidi ni hili. Sheria ile ya ubaguzi ilifutwa mwaka 1947. Tangu 1950 mpaka 1960 Italia ilirudi kuisimamia Somalia kwa niaba ya Umoja wa Mataifa, na ofisi zake zilikuwa Mogadishu, safari ya siku moja kutoka Merka. Kumkubali mtoto kulibadilisha uraia wake kama bado hajafika utu uzima, na utu uzima wa Italia wakati huo ulikuwa miaka 21. Bibi alitimiza 21 mwaka 1959. Kwa miaka 12 sheria haikumzuia baba yake tena. Alitakiwa kuingia ofisini na kutia sahihi. Hakuingia.

Siandiki haya ili mtu aanze kutafuta mababu wa Kizungu. Mlango wenyewe unazidi kuwa mwembamba: mwaka 2025 Italia imebana hata waliozaliwa nje wenye karatasi zote, kwa kuweka mpaka wa vizazi viwili.

Naandika kwa sababu binti yangu amezaliwa hapa Kakuma. Hospitali ilinipa ile karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, na niliona majirani wakiiweka chini ya godoro, wakisema, "Ya nini, si haimfanyi Mkenya?" Ni kweli, haimfanyi. Kenya nayo inafuata wazazi, na tangu katiba ya 2010 baba au mama anatosha. Lakini cheti kinasema huyu ni mtoto wa nani, na kuna siku atakayeulizwa ni yeye. Mna miezi sita kabla hamjahesabiwa waliochelewa. Nendeni.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, ndugu zetu, mkikutana na mama aliyejifungua peke yake, baba amebaki vitani au ametoroka, msiruke mstari wa baba haraka. Zamani mama asiyeolewa hapa Kenya hakuweza kuliandika jina hilo bila baba kukubali. Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho mwaka 2016. Mwambieni. Wengi hawajui.

Bibi alifariki kabla sijamaliza kusoma haya. Cheti cha binti yangu kilitoka mwezi uliopita. Nilikisoma kwa sauti mbele ya mama yangu, mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye jina la baba akasema, "Rudia hapo." Nikarudia.