Jinsi kutu inavyonasa sumu ya seleniamu

MWILI wa binadamu huhitaji seleniamu kwa kiasi kidogo mno. Ikizidi, hugeuka sumu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza isizidi mikrogramu 40 katika lita moja ya maji ya kunywa.

Madhara yake yalidhihirika katika ziwa la Belews, jimbo la North Carolina, Marekani. Kuanzia 1974, maji yaliyotoka kwenye majivu ya makaa ya mawe ya kiwanda cha umeme yaliingia humo. Kati ya aina 20 za samaki, 19 zilitoweka.

Taka za nyuklia nazo zina seleniamu-79, ambayo huchukua zaidi ya miaka 300,000 kupungua kwa nusu.

Njia mojawapo ya kuiondoa ni kuyapitisha maji kwenye chembechembe za oksaidi ya chuma, yaani jamaa za kutu. Sumu hunata juu yake, maji yakapita.

Hata hivyo, seleniamu huja kwa sura mbili. Selenaiti hushikamana na oksaidi hiyo barabara. Seleneti hushika kwa ulegevu, na salfeti, iliyo tele katika maji ya migodi, huinyang'anya nafasi.

Ndiposa hutumiwa pia unga wa chuma ambacho hakijashika kutu. Kinapoanza kuliwa na kutu, huibadilisha seleneti iwe selenaiti au seleniamu isiyoyeyuka, kisha kutu hiyo hiyo ikainasa.

Chembechembe zikishiba, sumu haijaangamia: imehama tu. Sharti zihifadhiwe mahali salama.