Mto wa Muoni

Kila dakika chembe ndogo zitokazo juu angani hupita katika miili yetu, nasi hatuzisikii. Jina lake ni muoni. Bwana Anderson na Bwana Neddermeyer wa California ndio waliozitambua mwaka 1936.

Lakini muoni ni mgeni asiyekaa. Sekunde moja tukiigawa sehemu milioni, yeye huishi sehemu mbili na kidogo, kisha hufa na kutoa elektroni. Tena huja apendavyo, kama mvua. Mwenye kutaka kumchungua vema sharti amfanyize mwenyewe.

Njia yake ni hii. Mtambo uitwao siklotroni huzungusha protoni kwa nguvu za umeme na sumaku mpaka ziende mbio sana, kisha huzigongesha kwenye kitu kigumu. Hapo huzaliwa pioni. Pioni nazo hufa upesi zaidi, na watoto wake ndio muoni.

Sasa twende Nevis, karibu na New York. Mwaka 1956 mabwana Lee na Yang walikuwa wameuliza: je, asili hubagua kushoto na kulia? Karibu wenye elimu wote walidhani haibagui. Ijumaa, tarehe 4 Januari 1957, Bwana Lederman alisikia mezani kwamba Bibi Wu na wenzake wameona dalili ya kubagua. Usiku uleule yeye, Bwana Garwin na mwanafunzi Weinrich walishika kazi.

Mto wao ulikuwa na pioni nyingi na muoni chache. Wakauwekea kizuizi cha kaboni, unene wa sentimita 20 hivi. Pioni zikakwama, muoni zikapita, kama unga katika chekecheo. Halafu zikasimama ndani ya kipande kingine cha kaboni, kilichozungushiwa waya wa umeme.

Kila muoni hujizungusha kama pia ya mtoto. Sumaku ya waya ule iligeuza pia hizo, na chombo kilichowekwa upande mmoja kikahesabu elektroni. Kama asili haibagui, hesabu ingebaki ileile. Lakini kila walipobadili umeme, hesabu ilipanda au kushuka. Alfajiri ya Jumanne neno likawa wazi: asili hubagua kushoto na kulia, na muoni huzaliwa pia zao zikielekea upande mmoja.

Ndiyo sababu hata leo, huko Uswisi, Uingereza, Kanada na Japani, mito ya muoni huingizwa ndani ya madini, ili muoni zionyeshe sumaku iliyofichwa humo. Nasi tujifunze: hata jambo linalosadikiwa na wote, sharti lipimwe.