Mimea Vamizi: Istilahi na Kazi Yake Msituni

Katika misitu ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga, kuna mti mrefu unaokua haraka uitwao msizi. Kwao ni Afrika Magharibi na ya Kati, hadi Uganda na Bukoba. Ulipandwa Amani, mahali ambapo Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti mwaka 1902. Baadaye msitu ulipovunwa mbao, msizi ukajaa kila palipobaki uwazi. Hondohondo hula matunda yake na kuziangusha mbegu mbali. Kwa hiyo wanaikolojia huutaja msizi wa Amani kuwa mmea vamizi, ingawa Bukoba, ndani ya nchi hiyohiyo, ni mti wa asili.

Mmea vamizi, basi, ni ule uliohamishwa na binadamu kutoka makazi yake ya asili, ukazaliana wenyewe, kisha ukasambaa hadi kuidhuru mimea iliyoutangulia. Sharti la mwisho ndilo zito. Mahindi na muhogo asili yake ni Amerika, lakini havikuiteka misitu yetu. Ni mimea migeni tu. Ndiyo maana naumia nikisikia “mimea ya kigeni” pale panapokusudiwa vamizi. Na “magugu” hayatoshi: gugu ni chochote kinachomsumbua mkulima shambani, hata kama kimezaliwa hapohapo. Kuvamia ni kuingia pa wenyewe kwa nguvu, na hicho hasa ndicho kinachotokea.

Anayejitolea kuingia msituni na jembe anaihitaji tofauti hiyo, asije akang'oa miche ya asili. Anahitaji pia neno la pili, udhibiti, ambalo si sawa na kutokomeza. Chukua lantana, kichaka vamizi: ikifyekwa kwa panga huchipua tena kwenye kisiki. Afadhali mzizi mkuu ukatwe sentimita chache chini ya udongo, kisha kichaka kigeuzwe, mizizi itazame juu na kukauka. Mbegu zilizobaki ardhini zitaota mvua zikinyesha, kwa hiyo watu hurudi kung'oa miche msimu baada ya msimu. Katika Msitu wa Karura, Nairobi, kazi ya kuondoa lantana imekwenda pamoja na kupanda miti ya asili. Lantana hupenda jua. Matawi ya miti hiyo yakikutana juu, lantana hudhoofika.